Pipa la Kikonyo

Mume wangu watu wanamwita Ngoja. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Ngoja alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwambia chakula kinapoa, ngoja. Ukimwambia paa linavuja, ngoja. Siku nilipomwambia uchungu wa kuzaa umenianza, alikuwa ameinama juu ya pipa ananusa, akaniinulia kidole: ngoja kwanza. Nilimtukana tusi moja ambalo dada yake, wifi yangu, analikumbuka mpaka leo, na hulirudia kila akitaka kunichekesha.

Lakini mvinyo ni kazi ya watu wa namna yake, nipende nisipende. Kiwanda chetu ukikiita kiwanda utachekwa: ni ua mmoja, banda la kukamulia, na chumba cha chini chenye mapipa, jikoni kwangu kukiwa juu yake. Mizabibu iko nyuma ya nyumba, inateremka mpaka kwenye kijito. Zabibu tunachuma kwa mkono asubuhi, tunatoa vikonyo, tunaponda, tunaziacha zichachuke zenyewe. Hamira ya dukani hatutii. Sukari hatutii. Maganda yakipanda juu tunayazamisha kwa ubao, asubuhi na jioni, na yanachemka bila moto mpaka nguo zetu zote zinanuka zabibu. Kisha tunakamua, tunajaza mapipa, halafu tunakaa. Hapo kwenye kukaa ndipo Ngoja anapokuwa mfalme.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi, maana bila hilo hutanielewa. Pipa la mbao linakunywa. Kila wiki mvinyo unapungua kidogo kidogo, unapenya kwenye mbao. Usipojazia, juu panabaki nafasi, hewa inakaa pale, na mvinyo unageuka siki. Na siki ni kama ugonjwa wa kuambukiza. Vijinzi vyake vidogo vinatoka pipa hili vinatua pipa lile, na ukizubaa unapoteza chumba kizima. Kwa hiyo kila Jumamosi Ngoja hushuka na jagi kujazia, na pipa likishageuka linatolewa siku hiyohiyo, linapasuliwa kuni. Nimemwona akipasua pipa alilorithi kwa baba yake, kwa shoka, bila kupepesa jicho. Usafi huo ndio uliotulisha miaka yote. Watu wa viwanda vikubwa walikuwa na mashine. Sisi tulikuwa na ile sifa kwamba chupa ya Ngoja haijawahi kumtia mtu aibu mezani.

Na humu ndani kuna sheria aliyoacha baba mkwe. Mtoto akizaliwa, zabibu nzuri kuliko zote za mwaka huo zinaanikwa juani mpaka zinasinyaa, zinakamuliwa mvinyo mzito, mtamu, wenye nguvu, unawekwa kwenye pipa dogo la pembeni. Hilo ni la mtoto. Akipata nguvu ya kuinua jagi, analijazia mwenyewe. Hakuna mwingine anayelifungua, hakuna anayelionja, mpaka siku ya harusi yake.

Sisi Mungu alitupa mmoja. Alizaliwa mwembamba, miguu kama ya panzi, wifi akamtazama akasema, "Hee! Hiki si kitoto, ni kikonyo cha zabibu." Jina likaganda. Hata mwalimu wake shuleni alimwita Kikonyo. Na mimi nikawa Mama Kikonyo, na sijawahi kutaka jina jingine.

Ungemwona akijazia pipa lake! Ulimi nje, jagi limemzidi kifua, nusu inaingia, nusu inamwagikia miguu yake. Baba yake amesimama kando, mikono nyuma, hamsaidii. Mimi napiga kelele ngazini: "Msaidie mtoto, we mwanamume!" Ananiambia, "Ngoja, atajua." Na kweli alijua. Akawa na pua kama ya baba yake, na kichwa kigumu kama cha mama yake, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Alipokuwa mtu mzima alisema maneno ya maana, leo nayakubali. Alisema, "Baba, wateja wanataka mvinyo mtamu, wanautaka mapema. Tutie sukari kidogo, tununue hamira, tununue pampu. Tuuze kabla ya msimu mwingine kuingia. Ule wako wa kusubiri uendelee kukaa, tuuze aina zote mbili." Baba yake akasema, ngoja. Msimu uliofuata, ngoja. Siku moja tukiwa bandani kijana akasema, "Ngojangoja huumiza matumbo, baba." Na yule bwana, mtu asiyepandisha sauti, akamjibu, "Mwenye njaa ya haraka, mlango uko wazi." Loo! Maneno mengine yakitoka hayarudi kinywani. Kesho yake Kikonyo alibeba begi. Nilimshika mkono mpaka getini, akanibusu kichwani, akasema atarudi pipa lake likimhitaji.

Mwanzoni alipiga simu. Yuko mbali, anafanya kazi za ujenzi, ana wenzake wanapika pamoja, nisiwe na wasiwasi. Ananiuliza mizabibu imechipua vipi. Kikonyo hamtaji baba yake, ananiuliza tu, "Na huyo mwenzio mzima?" Nami namjibu mzima, anakungoja. Kisha simu zikapungua. Kisha nikawa nampigia mimi, ananijibu yule mwanamke wa mashine kwamba namba haipatikani. Nimegombana na mwanamke yule mpaka nikamchoka.

Kilichonishika nisianguke ni sauti moja. Jumamosi, nikiwa jikoni, namsikia Ngoja chini. Anajazia mapipa makubwa, anatembea taratibu kama kawaida yake, mwisho anafika pembeni kabisa, kwenye pipa dogo. Nasikia jagi linamimina, mlio unaanza mzito, unapanda, unakuwa mwembamba, unakatika. Limejaa. Nilikuwa naacha kuosha vyombo ili nisikilize. Najua sheria inasema mwenyewe tu ndiye analijazia, lakini nikasema moyoni, kumbe huyu jiwe naye ana moyo, anamtunzia mwanawe. Kwa ajili ya sauti ile nilimsamehe mengi. Hata lile neno la mlango nilikuwa nimeanza kulisamehe.

Miaka ikaenda, na kazi ikaanza kutuponyoka. Chupa zikaanza kurudi. Mwenye duka la karibu akaniletea kasha zima, akasema kwa aibu, "Mama Kikonyo, onja mwenyewe." Nikaonja, ulikuwa na ukali nyuma ya ulimi, ukali usiokuwa wetu. Ngoja akaosha. Akaosha mapipa kwa maji ya moto, akaosha mifereji, akapaka chokaa kuta. Msimu uliofuata, yale yale. Nikasema uzee umemwingia, pua imechoka. Yeye akaendelea kuosha.

Halafu mwaka huu mvua ikatunyeshea katikati ya mavuno. Zabibu zikaoza zikiwa mtini, tulichookoa kikatoa mvinyo mwepesi kama maji ya kusuuzia glasi. Mteja mkubwa tuliyebaki naye ni mmoja, mnunuzi wa hoteli, na aliahidi kuja Jumamosi kuonja. Akikataa, basi tena. Msimu ujao hakuna wa kumwita kuchuma, na jirani anayefyatua matofali ameshaanza kupima mpaka wetu kwa macho. Kikonyo akirudi angekuta tanuri.

Alhamisi ya wiki ile, mchana, tulikuwa mezani, mimi, Ngoja na wifi, ambaye ndiye anayetuzungushia chupa kwa wateja na kukwaruzana nao. Nikaweka kijiko chini, nikasema, "Tufungue pipa la Kikonyo."

Wifi akaacha kutafuna.

"Ule mvinyo ni mzito," nikasema. "Tukiuchanganya na huu mwepesi, unapata mwili. Mnunuzi atachukua wote. Kikonyo akirudi atakuta shamba, pipa jingine tutamjazia. Kuliko akute pipa bila nyumba."

Nilisema hivyo bila kulia, na Mungu anajua nilivyojikaza. Mama kusema tufungue pipa lile ilikuwa kama kusema harusi haipo.

Ngoja akasema, "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Jumamosi ni keshokutwa!"

"Pipa la mtu haliguswi."

"We mwenyewe unaligusa kila wiki!" nikamwambia. "Unafikiri sisikii?"

Akanyanyuka, sahani imejaa, akatoka. Wifi akanitazama, akasema, "Kaka yangu huyu hata kaburini atawaambia wachimbaji wangoje." Kwa kawaida ningecheka. Siku ile nilimwambia anyamaze, naye akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Ijumaa asubuhi Ngoja alienda shambani kupogoa. Nikasema liwalo na liwe. Nikachukua nyundo ya mbao na ule mrija wa kioo wa kuvutia mvinyo, nikashuka. Nilisimama mbele ya pipa la mwanangu nikaliomba radhi, kweli kabisa, nikaliambia, mwanangu nisamehe, nakuhifadhia nyumba. Nikagonga kifuniko huku na huku, kikalegea, nikakitoa.

Sikuhitaji mrija. Harufu ilinipiga usoni mpaka macho yakatoa machozi. Siki. Si siki ya wiki mbili. Siki nzee, kali, iliyokaa. Vijinzi vikaruka vikanizunguka kichwa, vikaenda kutua kwenye mapipa mengine, na mimi nimesimama na kifuniko mkononi kama mpumbavu. Hapo akili ikanifunguka. Zile chupa zilizorudi. Kuosha kote kule. Ugonjwa ulikuwa humu humu, pembeni, na mwenye nyumba alikuwa akiulisha kila Jumamosi mvinyo mzuri kwa jagi.

Nikapiga ukelele. Ngoja alikuja mbio, na mtu yule hakimbii. Alisimama mlangoni, mkasi wa kupogolea mkononi, akaona kifuniko, akauweka mkasi chini.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Akakaa kwenye ngazi. Alinieleza akitazama viatu vyake. Kumbe Kikonyo alipoondoka, yeye hakulijazia. Sheria ni sheria, pipa linamngoja mwenyewe, na alikuwa na hakika kijana atarudi kabla ya wiki kadhaa, atashuka na jagi, wasameheane palepale bila maneno. Wiki ya kwanza akangoja. Ya pili akangoja. Mimi juu nilikuwa nalia, sikuwa nasikiliza mapipa. Msimu mzima ulipita. Alipolifungua, lilikuwa limeshageuka.

"Si ungelitoa!" nikamwambia. "La baba yako ulilipasua! Hili ukaliacha liue mengine? Wewe? Unayetufokea tukishuka na vumbi miguuni?"

"Lilipogeuka nilitaka kulitoa. Siku ile ilikuwa Jumamosi," akasema. "Nikamimina kidogo, sijui kwa nini, mazoea tu. Nikasikia huko juu umeacha kuosha vyombo."

Nikakishika kifuniko kwa mikono miwili.

"Umeacha kuosha, umesimama. Nikamaliza kumimina, ukaanza tena kuosha, na ukaimba. Ulikuwa hujaimba tangu aondoke. Jumamosi iliyofuata nikamimina tena."

Jamani, mtu akikupiga kofi unajua la kufanya. Sasa hili nilifanyie nini? Mume wangu alikuwa ameua mvinyo wake, jina lake, kazi ya baba yake, chupa baada ya chupa, ili mimi nisikie jagi linamimina. Nilitaka kumrukia na nilitaka kumshika kichwa, vyote kwa mara moja, na sikufanya hata kimoja. Nikauliza lile swali ambalo nimemuuliza tangu kijana aondoke, na kila mara amenijibu kwa neno lake moja.

"Kikonyo atarudi?"

Nilimtazama mdomo. Nilikuwa nalingojea lile neno lake, lile nililolichukia maisha yangu yote. Ee Mungu, litie kinywani mwake, nikasema moyoni, aniambie ningoje.

Hakusema ngoja. Alisema, "Mama Kikonyo, keti."

Sikuketi. Akaniambia nikiwa nimesimama. Mwaka jana, wakati kama huu, yuko shambani anapogoa, alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Ni mwenzake Kikonyo, walikuwa wakilala chumba kimoja kule kwenye ujenzi. Kijana aliugua, homa, wakampeleka hospitali, hakutoka. Walimzika kulekule, wenzake. Kwenye fomu ya kazi, penye mtu wa kupigiwa, alikuwa ameandikisha namba ya baba yake.

Naikumbuka siku ile. Ngoja alirudi mapema, akasema kichwa kinamuuma, akalala bila kula. Nilimgombeza kwa kuacha chakula. Mungu wangu, nilimgombeza!

"Nilisema nitakwambia baada ya kupogoa," akasema. "Halafu baada ya mavuno. Nikawa najiambia mwenyewe, ngoja."

"Mwaka mzima, baba Kikonyo! Mwaka mzima nampigia simu maiti!"

"Yule mwenzake alisema kitu," akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, kama mtoto, makamasi na yote. "Alisema kijana alikuwa anawasimulia kwamba nyumbani ana pipa lake. Kwamba siku ya kulifungua atawaalika wote. Akaniuliza, mzee, ni kweli lile pipa lipo? Nikamwambia lipo, nalijazia."

Nilijikuta chini, mgongo kwenye pipa la mwanangu. Nikalia mpaka wifi akaja akatukuta hivyo, kila mtu pembe yake. Alipoambiwa, yule mwanamke wa maneno alikuja moja kwa moja kwangu. Alivua kitambaa chake akanifuta uso, akakaa nami kwenye sakafu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini shangazi naye aliujua siku ile.

Na mume wangu sikumgusa. Niseme ukweli wangu: siku ile nilimchukia. Nilimhurumia na nilimchukia, na sijui mpaka leo kipi kilikuwa kikubwa. Alinipa Jumamosi zile zote. Aliniibia msiba wa mwanangu. Mkono uleule, jagi lilelile.

Jumamosi mnunuzi wa hoteli alikuja, viatu vinang'aa, tabasamu tayari. Ngoja alimpokea uani. Mchana wa Ijumaa alikuwa ameshaonja mapipa yote, moja moja, na mapipa mawili tu ya karibu na mlango ndiyo aliyoyakuta mazima.

"Mwaka huu sina mvinyo wa kukuuzia," akamwambia.

"Hata wa kuonja tu, mzee?"

"Chumba changu kina ugonjwa. Sitaki uupeleke mezani kwa watu."

Yule mnunuzi akatazama huku na huku, akaona nyuso zetu, akatoa pole bila kujua anatoa pole ya nini. Gari lake likaondoka. Wifi akamtazama kaka yake, akasema taratibu, "Siki nayo inauzwa, kaka. Kuna watu wanaitafuta."

"Ya mapipa mengine uza," nikasema mimi. "Ya mwanangu haiuzwi."

Mapipa yaliyobaki mabovu yalikuwa yanasubiri shoka, lakini nilishasema kwamba lile dogo halipasuliwi, na Ngoja hakuniuliza basi litaenda wapi. Tangu alfajiri mpaka mnunuzi alipofika, alikuwa mwisho wa shamba, kule kijitoni, anachimba shimo. Alichimba peke yake, na wifi alipotaka kumtafutia mtu wa kumsaidia, alikataa. Hatukujua mwanetu amelazwa wapi. Lile lilikuwa kaburi tulilolimudu.

Tukalitoa pipa chumbani, mimi na yeye na wifi, ngazi kwa ngazi, kwa mbao na kamba. Uani likasimama kwenye jua kwa mara ya kwanza tangu lijazwe. Ni pipa dogo kweli. Kando, karibu na pete ya chuma, kuna alama ya kisu, aliyoichora Kikonyo mwenyewe utotoni kupima urefu wake. Ngoja akaweka mikono, akaniangalia, akaniuliza tulisukume mpaka shimoni?

"Ngoja," nikasema.

Akangoja. Nilirudi ndani nikachukua jagi, nikaenda kwenye moja ya yale mapipa mawili mazima, nikalijaza. Ulikuwa mvinyo mzuri wa mwisho tulio nao, na mtu yule hajawahi kuruhusu tone lipotee, lakini aliponiona natoka nao, alifungua kifuniko mwenyewe, akanishikia. Tulipolipandisha ngazini, siki kidogo ilikuwa imemwagika, palibaki nafasi. Nikamimina. Mlio ukaanza mzito, ukapanda, ukawa mwembamba, na safari hii nilikuwa nausikia kwa karibu, jagi likiwa mkononi mwangu. Ulipokatika nilijua limejaa.

Ngoja akagonga kifuniko kikakaa. Nikaweka jagi chini, nikashika pipa upande wangu, yeye upande wake.

"Haya," nikamwambia. "Sukuma."